Sufuria ya Pembeni

Aliyewafundisha kusema "sikukuu ni mara moja kwa mwaka" aje hapa Runazi, akae kwenye benchi langu, anihesabie. Noeli ni sikukuu. Mwaka mpya ni sikukuu. Pasaka je? Bado kipaimara cha mtoto wa jirani, ubatizo wa mtoto wa jirani mwingine, harusi ambazo siku hizi hazina msimu, na ile mnayoiita sendofu. Zamani binti tulimuaga kwa uji na machozi na akaolewa vizuri tu. Katika hayo yote mnakula kama watu waliotoka kifungoni, halafu mnaniambia mimi niliyezeekea jikoni, "Babu, acha bwana, ni mara moja kwa mwaka." Mara moja gani? Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa hesabu hiyo vidole vya mikono vinaisha nahamia vya miguu.

Nawaandikia nyinyi mnaorudi Desemba, wa huku na wa kule Ngara. Mnaotoka Mwanza, Kahama, Dar, mnaoshuka kwenye gari na mabegi na miwani mieusi, mnasema shikamoo huku mnatazama simu. Marahaba. Sasa wekeni simu chini.

Kazi yangu ilikuwa kupika. Nimepika shule ya bweni kule Ngara tangu sijaota ndevu mpaka mgongo ulipokataa. Watu walinicheka, mwanamume gani anashika mwiko, lakini mwiko wenyewe wangeuona wangenyamaza, maana ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, na ugali wa bweni zima si kazi ya mtu legelege. Shule ikifungwa nilikuwa naitwa kupika kwenye sherehe. Kwa hiyo Noeli zenu zote nimeziona kwa upande wa nyuma, upande wa moshi. Najua kinachoingia kwenye sufuria kabla hamjakiita kitamu.

Aliyenifundisha aliitwa Rafaeli, Mhangaza wa huko huko, mfupi, mikono mikubwa. Huyo alikuwa anapika kwa kusikiliza. Anakwambia, tega sikio, maharage yakianza kunong'ona toa kuni moja, yakipiga kelele umeshayaharibu. Mafuta aliyaweka kwenye chupa, kizibo akakitoboa kwa msumari, yakawa yanatoka kwa matone. Nikadhani ni uchoyo. Nikamwambia, "Mzee, mbona unawabania watoto wa watu?" Akasema, "Mpishi anayemwaga mafuta, mtazame vizuri. Kuna kitu anaficha."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona Zakaria. Huyu Zakaria alikuwa mpishi mwenzetu, maneno mengi kuliko kuni. Siku ya jubilei moja ya padri alipewa pilau aipike, akaenda kupiga hadithi na wanakwaya, akarudi sufuria inanuka moshi kama tanuru la matofali. Alifanya nini? Alichota juu juu pale pasipoungua, akamiminia kopo zima la mafuta, akamwaga na vikolezo mpaka pua zikawasha. Watu walisifia! "Zakaria, leo umetukomesha!" Kufika saa ya kumpa padri zawadi kwaya ilikuwa imebaki na mpiga ngoma peke yake. Wengine wote walikuwa wamepanga foleni chooni wakiwa na kanzu zao nyeupe, wanagombana nani alianza kuja.

Sasa nikitazama mapishi yenu ya siku hizi, kila mtu ni Zakaria. Mafuta yanaelea mpaka unajiona uso wako. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi, mnafungua kimoja, cha pili, cha tatu, na juu yake chumvi. Mtoto hajaota meno mnamtia soda kwenye chuchu ya plastiki, anacheka, mnampiga picha. Mnaniudhi. Nasema wazi.

Msinijibu kwamba hata sisi tulikula. Tulikula! Nyama ya Noeli tuliila kweli, na mafuta yake tulipaka midomoni tusiyafute ili jirani ajue kwetu pia imechinjwa. Lakini nyama hiyo ilikuwa imengojewa mwaka mzima, na kesho yake uko kwenye migomba na jembe, au umebeba gunia la kahawa kichwani unapanda kilima. Nyinyi chipsi mnakula Januari mpaka Novemba, nyumba ya tatu mnaifuata kwa bodaboda, halafu Desemba inakuja mnakula kama mliotoka kwenye njaa. Njaa ya wapi?

Haya. Nilitaka kuwaeleza habari ya dada yangu.

Dada yangu Leokadia, ambaye tumefuatana tumbo moja, yeye akitangulia, aliolewa Nyamiaga, pale karibu na mji wa Ngara. Mumewe alishafariki. Leokadia ana ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa zahanati alimweleza taratibu jinsi ya kula, naye akashika. Mwaka mzima alikuwa anameza dawa zake, sahani nusu anajaza mboga za majani, ndizi kidogo, maharage, uji bila sukari. Alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi. Mzima wa afya kabisa.

Ikaja Noeli ya mwaka juzi. Mwanawe mkubwa, Fidelis, anayeishi Mwanza, akanipigia simu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Mjomba, njoo Nyamiaga utupikie. Mwaka huu nataka Noeli ya heshima. Watu wajue mama ana watoto."

Nikatoka hapa Runazi, nikabanana kwenye mchomoko, vile vigari vidogo vinavyobeba watu kama magunia, mpaka Lusahunga, nikadaka kingine mpaka Benaco, kingine tena mpaka Ngara. Nafika uani, naona nini? Kreti za soda zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. Ndoo ya mafuta ya kupikia, ile kubwa yenye mkono. Magunia ya mchele. Boksi zima la vidonge vya mchuzi. Mbuzi wawili wamefungwa kwenye mgomba. Jani moja la mboga hakuna.

Nikamwuliza Jeska, mke wa Fidelis, "Mama, mboga ziko wapi?"

Akacheka akashika mdomo. "Mjomba jamani! Mchicha siku ya Noeli? Watasema Fidelis amefukuzwa kazi."

"Na mama mkwe wako atakula nini?"

"Mama tumemfikiria," Fidelis akadakia, tena kwa furaha, akanionyesha kisufuria kipya chenye maua ubavuni na mfuniko wake. "Hiki ni chake peke yake. Ndizi za kuchemsha, mboga, samaki kidogo, chumvi hakuna. Nimekwenda naye kliniki mwenyewe, nimeuliza kila kitu."

Sasa msije mkamwona Fidelis mjinga. Si mjinga, na anampenda mama yake. Wataalamu aliwasikiliza vizuri kuliko mimi ninavyosikiliza mahubiri. Alichosahau ni kwao.

Maana kwetu, na nyinyi mliozaliwa mjini sikilizeni hapa, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiletwa, aliyekukaribisha anavuta funda lake ndipo anakuachia mrija. Chakula vivyo hivyo. Sinia linawekwa katikati ya mkeka, mama mwenye nyumba anatia mkono, anatafuna, anameza, watu wanamwona amemeza, ndipo mikono mingine inaingia. Hakuna anayeeleza sababu. Kila mtu anaijua. Na mgeni vilevile, ukimkaribisha akakataa, amekutukana tusi ambalo halisameheki kwa kuombwa radhi. Amesema wewe ni mtu wa kutia vitu kwenye chakula.

Basi misa imeisha, majirani wamejaa uani wamekaa mikekani. Jeska kaleta sinia la pilau linafuka moshi. Kisha kaja na kigoda, kakiweka mbele ya mama mkwe wake, juu yake kisufuria chenye maua.

Mikono iliyokuwa imeshanawa ikabaki hewani inadondosha maji.

Alikuwepo Mama Venansia, jirani ambaye migomba yake na ya Leokadia imetenganishwa na mfereji tu, wameteka maji pamoja tangu wakiwa wachumba. Ulimi wake kama wembe. Akasema, "Leokadia, wewe na sufuria yako, sisi na sinia letu. Kwani humu mna nini?"

Watu wakacheka. Lakini kile kicheko cha kuonyesha meno tu.

Fidelis akasimama. "Mama ana sukari, mama mdogo. Daktari amesema..."

"Sukari!" akasema mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, akasukuma kofia nyuma. "Sukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Hapa tunakufa kwa mengine."

Leokadia akanitazama mimi kule kwenye moshi. Akakisukuma kigoda kwa mguu, akapandisha mkono wa kitenge, akatia mkono katikati ya pilau, akatoa tonge la mwanamume. Akala. Akachukua soda, akanywa mpaka nusu, akaiweka chini kwa kishindo.

"Haya," akasema. "Mmeniona."

Watu wakala. Sherehe ikachangamka, ngoma ikapigwa, Mama Venansia akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Kile kisufuria alikula mbwa.

Na Noeli, kama mnavyojua, haiishii kwako. Waliokula kwako lazima ukale kwao. Siku ile na iliyofuata dada yangu aliingia nyumba kwa nyumba: hapa pilau, pale maandazi, kule soda, huku kipande cha nyama chenye mafuta kimekatwa kikubwa kwa sababu yeye ni mama wa Fidelis. Kokote alikopita alionja, alimeza, akashukuru. Mimi nilikuwa bado nipo nasugua masufuria yangu alipoanza kunywa maji bila kutosheka. Kesho yake akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yetu. Tukampakia kwenye gari tukampeleka hospitali, Jeska amempakata kichwa, analia njia nzima.

Alipona, lakini kidole cha mguu kilichokuwa na mchubuko mdogo tu kikakataa kufunga. Daktari akatuambia bila kuzunguka: tukirudia tena hivi, kitakachofuata ni mguu. Utakatwa, hiyo ni kama Mungu akimwacha na roho.

Tukakaa kikao pale pale kitandani kwake.

Fidelis alikuwa amekonda kwa siku chache. Akasema, "Noeli ijayo mama asitoke. Wageni wakija tumfungie chumbani, tuseme amelala."

"Umfungie mama yako," nikamwuliza, "kama mbuzi anayeharisha?"

"Basi na sherehe tuache," Jeska akasema. "Tufunge mlango, tuwe kama hatupo."

"Nyamiaga hii? Ufunge mlango siku ya Noeli? Watakuja kuuvunja wakidhani kuna maiti."

Tukaanza kubishana, sauti zinapanda, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuambia tumpishe alale. Ndipo Leokadia akafungua macho. Tulidhani amesinzia.

"Mmemaliza?" akasema. "Mimi sitaki kufichwa. Wala ile sufuria ya pembeni msiniletee tena. Nipikieni chakula ninachoweza kukionja mbele za watu, na watu wale hicho hicho."

Fidelis akakuna kichwa. "Lakini mama, kweli, wageni wote wale chakula cha wagonjwa?"

Chakula cha wagonjwa! Wajukuu zangu, neno lile linaniunguza mpaka leo nikiwa nimekaa hapa. Maharage ni chakula cha wagonjwa? Ndizi, samaki, majani ya muhogo? Ndicho Rafaeli alichowalisha vijana waliokuwa wanakimbia mpira jioni nzima na usiku wanaimba. Ndicho kilichokulea wewe Fidelis mpaka ukapata nguvu za kwenda Mwanza kununua ndoo ya mafuta! Chakula cha wagonjwa ni kile kinachowafanya watu wawe wagonjwa, nilimwambia, na muuguzi akaja akanitoa nje.

Mwaka jana tukajaribu. Nawaeleza jinsi nilivyofanya, na anayetaka aige.

Maharage niliyaloweka toka jana yake, nikamwaga yale maji, nikayachemsha kwa moto mdogo. Magadi sikutia. Chumvi kidogo mwishoni, maana ukiitia mwisho ulimi unaikuta juu na mkono hauongezi. Nikayaunga na nyanya chungu na kitunguu, mafuta kwa kijiko, si kwa kikombe. Majani ya muhogo, isombe, yalitwangwa na wanawake wa pale mpaka yakalainika, nikayachemsha muda mrefu, nikayamalizia na karanga za kusaga. Mbuzi nilimchemsha na tangawizi na kitunguu saumu, yale mafuta yaliyoganda juu nikayaengua yote, kisha nikabanika nyama kwenye makaa na kuikamulia ndimu. Ndimu, vijana, inafanya kazi ya vidonge vyenu vyote na haidai chumvi. Sato wa kukausha nilitoka nao huku kwetu Biharamulo. Ndizi nilizipika za kutosha, lakini kwenye sinia nilizipanga pembeni kidogo, katikati nikajaza mboga na maharage, ili mkono ukienda kivivu ukutane na kitu chema.

Cha kunywa kilikuwa maji, na chai ya mchaichai. Bakuli la sukari likakaa mbali, anayeitaka anyanyuke. Rubisi sikuigusa, walikuwa nayo wenyewe. Mtu mwenye akili hapigani vita viwili siku moja.

Jeska alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mjomba, hata kreti moja? Moja tu niiweke mlangoni waione?"

"Wakiiona wataitaka."

"Watatusema mpaka Pasaka."

"Wakitusema wana mdomo, na mama mkwe wako atakuwa na mguu."

Lakini msidhani mimi sikuogopa. Najua watu wetu. Mtu akitoka kwako hajapata pilau na soda anaweza kusema mwenye nyumba ni mchoyo, na hilo litapita. Akisema chakula kilikuwa cha ajabu, hilo halipiti. Na Leokadia, ningemwona tu wanasita, nilijua atafanya nini: angemtuma mtu dukani kuleta soda, angeinywa yeye wa kwanza, kwa heshima ya nyumba ya marehemu mumewe.

Watu wakaja. Leokadia akatoka na fimbo, kidole kimefungwa bandeji, akakaa mkekani. Jeska akaweka sinia. Moja. Kigoda hakikuwepo.

Yule mzee wa karibu na mlango akanyoosha shingo. "Mwaka huu pilau haipo?"

"Haipo," Leokadia akasema. "Pilau ya mwaka jana nusura mnizike nayo. Hiki ndicho ninachokula mimi siku zote, na ndicho nilichowapikia nyinyi. Anayeogopa aseme."

Akatia mkono. Akachota maharage na mboga na kipande cha ndizi, akatafuna polepole, anamtazama kila mtu machoni, akameza. Nilikuwa nimeshika mwiko, nikajikuta nimemeza na mimi.

Mzee akanawa tena mikono bila sababu. Akamega. Akatafuna. Akasema, "Hii nyama nani kaibanika?" akatia mkono mara ya pili kabla hajajibiwa. Basi ikawa imekwisha, mikono yote ikaingia, na ngoma ikapigwa vilevile. Jeska alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba isombe imekwisha kwenye sinia mbili, kana kwamba ananipa habari za wizi.

Nikiwa nyuma ya jiko napanga kuni, nikamwona Mama Venansia anakuja na sahani, anachungulia nyuma yake.

"Shemeji, nitilie isombe nyingine."

Nikamtilia. Hakuondoka. Akala amesimama pale pale kwenye moshi, haraka haraka.

"Hata mimi ninayo," akasema.

"Unayo nini?"

"Hiyo ya Leokadia. Tena mimi nilimtangulia."

Kijiko kikaniponyoka. "Mama Venansia! Na si wewe uliyemwuliza mbele za watu, humu mna nini?"

"Ningefanyaje? Wote wanamshangaa, mimi nikae kimya? Si wangenigeukia wakaniuliza mbona sishangai?" Akafuta midomo kwa pembe ya kitenge. "Kila Noeli ninaingia nyumba zote hizi ninakula. Nikirudi kwangu ninafunga mlango, ninalala chini, ninaomba kusikuche na aibu ya kubebwa kupelekwa hospitali. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekula kwa watu nikashiba bila kuogopa."

Nikamtilia na samaki.

Akamaliza, akanawa mikono kwa maji ya kwenye kata, akanyoosha kilemba chake. Kutoka barabarani mtu alikuwa anamwita: mtoto wao amekuja kutoka Dar, wanamngoja, sinia limeshawekwa, soda yake imeshafunguliwa. Akaitika kwa sauti ya furaha kabisa, "Ninakuja, wanangu!" Kisha akanitazama, akapumua, akaenda.

Nyumba hiyo aliyokuwa anakwenda, wajukuu zangu, ndiyo ya kwenu.